Maji Hutoka Wapi, Taka Huenda Wapi: Utalii Unaotunza Mazingira, Kutoka Chumbe Hadi Mai Mahiu

Nyumba ya wageni iliyojengwa mbali na mji haina bomba la manispaa, haina mfereji wa majitaka, haina lori la kuzoa taka, na mara nyingi haina hata waya wa umeme. Inachotumia hukipata hapo hapo au hukileta kutoka mbali. Kinachobaki sharti kioze, kichujwe au kirudishwe kilikotoka. Asipokuwepo mtu wa kulisimamia jambo hili, mzigo huangukia mto, ziwa, bahari au kisima cha jirani. Ndiyo maana utalii unaotunza mazingira haupimwi kwa uzuri wa picha zake wala kwa rangi ya kijani kwenye tangazo. Hupimwa kwa mambo mawili: maji hutoka wapi, na uchafu huenda wapi.

Katika Afrika Mashariki, mfano unaojulikana sana wa nyumba ya wageni iliyojengwa kwa kuzingatia maswali hayo uko Chumbe, kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe kilicho takriban kilomita 12 kusini mwa mji wa Zanzibar. Bonde la Ufa la kati nchini Kenya nalo, kuanzia Mai Mahiu hadi Naivasha na Elementaita, halina bahari, lakini lina shida zilezile: maji haba, udongo dhaifu, viumbe wanaotegemea ukingo mwembamba wa maji, na wageni wanaozidi kumiminika. Mahali hapa pawili pakitazamwa pamoja, kanuni za utalii wa namna hii huonekana wazi.

Kisiwa na bonde

Chumbe haikuwa na wakazi wa kudumu isipokuwa watunzaji wa mnara wa taa ya mabaharia uliojengwa mwaka 1904. Upande wa magharibi wa kisiwa kuna mwamba wa matumbawe wenye aina zaidi ya 400 za samaki. Mwamba huo ulinusurika kwa sababu uko kandokando ya njia ya meli na jirani na eneo la kijeshi, kwa hiyo uvuvi haukuruhusiwa hapo kwa muda mrefu. Mapema katika miaka ya 1990, mwanamazingira Mjerumani Sibylle Riedmiller aliunda kampuni ya Chumbe Island Coral Park ili kuulinda mwamba huo kwa fedha za utalii. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar ilitangaza mwamba na msitu wa kisiwa kuwa hifadhi, na kampuni ikakabidhiwa usimamizi. Hifadhi za bahari zinazoendeshwa na shirika binafsi zilikuwa jambo geni duniani wakati huo. Wageni wa kulala walianza kupokewa mwaka 1998, katika mabanda 7 tu.

Mai Mahiu iko chini ya ukuta wa mashariki wa Bonde la Ufa, kwenye njia panda ya Naivasha na Narok. Kaskazini yake umesimama Mlima Longonot wenye urefu wa mita 2,776, uliotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1983. Kusini-magharibi uko Mlima Suswa, volkano pana yenye kreta mbili, moja ndani ya nyingine, na mapango marefu yaliyochimbwa na mtiririko wa lava. Suswa inalindwa na jamii ya Wamaasai kupitia hifadhi yao wenyewe, na wageni hulala kwenye mahema huku wakiongozwa na wenyeji mapangoni na kwenye ukingo wa kreta. Mbele zaidi, upande wa kaskazini, kuna Ziwa Naivasha lenye maji baridi, kisha Ziwa Elementaita lenye maji ya magadi. Mwaka 2011 UNESCO iliingiza maziwa ya Elementaita, Nakuru na Bogoria katika orodha ya urithi wa dunia.

Maji

Chumbe haina chemchemi wala maji baridi ya kisima. Kwa sababu hiyo, kila banda lilijengwa liwe mtego wa mvua. Paa pana hukusanya maji, maji hupita kwenye chujio, kisha huingia katika tangi kubwa lililo chini ya sakafu. Mvua za masika na za vuli hulijaza tangi, nalo huwahudumia wageni wakati wa kiangazi. Maji hupandishwa kwa pampu ya mkono hadi kwenye chombo cha juu, na yale ya kuogea hupashwa moto kwa jua. Kazi hiyo ya mkono ina faida ya ziada: mtu anayejua ndoo moja imegharimu nini haachi bomba wazi.

Hesabu ya mvua ni nyepesi, na kila mwenye paa anaweza kuifanya. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ya paa huleta lita 1 ya maji. Katika eneo la Naivasha, ambalo limo katika kivuli cha mvua kati ya safu ya Nyandarua na Mau, mvua ya mwaka ni takriban milimita 600 hadi 700. Kwa kiwango cha chini, paa la mita 100 za mraba hupokea lita 60,000 kwa mwaka, kabla ya kutoa yanayopotea kwa kuvukizwa na kumwagika. Si maji ya kujaza bwawa la kuogelea, lakini kwa nyumba ndogo ya wageni inayotumia kwa nidhamu ni akiba ya maana.

Maji ya mvua yana thamani nyingine katika bonde hili. Visima vingi vya Bonde la Ufa hutoa maji yenye floridi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano. Meno yenye madoa ya kahawia ni dalili inayojulikana Nakuru na Naivasha, na floridi ikizidi mno hudhuru hata mifupa. Mvua haina floridi hiyo. Kambi ya watalii inayotumia maji ya mvua kwa kunywa na ya kisima kwa kufulia hulinda afya ya wageni na wafanyakazi wake, na pia hupunguza kiasi kinachovutwa kutoka ardhini.

Suswa ina chanzo kingine kisichopatikana mahali pengi. Mlima bado una joto ndani, na mvuke hutoka kwenye nyufa za ardhi. Wenyeji huingiza mabomba katika matundu hayo. Mvuke ukipita ndani ya bomba hupoa, hugeuka maji na kudondoka kwenye mapipa na matangi. Njia hiyo hutumiwa pia Eburru, kaskazini-magharibi mwa Ziwa Naivasha. Matone huja polepole, lakini huja hata wakati wa kiangazi. Hapa mwekezaji wa utalii ana wajibu ulio wazi: maji haya ni ya watu na mifugo kwanza. Kambi inayochota sehemu kubwa ya maji ya jamii ili wageni waoge mara tatu kwa siku haitunzi mazingira, hata ikiwa imeezekwa nyasi.

Choo na majitaka

Hoteli nyingi za pwani hupitisha majitaka katika mashimo yaliyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe. Mawe hayo yana vinyweleo vingi, kwa hiyo uchafu hupenya haraka na kufika baharini. Huko naitrojeni na fosforasi huulisha mwani, mwani hukua kupita kiasi na kuyafunika matumbawe yanayohitaji maji safi na mwanga. Uharibifu huu hauonekani kutoka ufukweni, na ndiyo sababu huendelea kwa miaka bila kulalamikiwa.

Chumbe iliamua kuondoa tatizo katika chanzo chake. Vyoo vyake havitumii maji kabisa. Kinyesi huangukia katika chumba cha chini chenye hewa ya kutosha, huchanganywa na majani makavu, na vijidudu hukigeuza mboji. Bomba la kutolea hewa huondoa harufu. Kwa njia hii hakuna maji ya choo yanayoweza kuvuja. Maji ya kuogea na kunawia hupitishwa kwenye chujio la mchanga na kokoto, kisha kwenye vitalu vilivyopandwa mimea inayokunywa maji mengi na kufyonza virutubisho kabla havijafika baharini.

Bonde la Ufa lina hitaji hilohilo. Ziwa Naivasha halina mto unaotoka juu ya ardhi. Kinachoingia hubaki humo au hupenya taratibu chini ya miamba. Zamani mafunjo yaliyotanda kando ya ziwa yalishika matope na kufyonza mbolea kutoka mashambani. Mafunjo yalipofyekwa kwa ajili ya mashamba, mandhari na gati za boti, chujio hilo lilipotea, na gugumaji likapata chakula tele. Baadhi ya mashamba ya maua ya Naivasha yamerudi kwenye hekima hiyo kwa kutengeneza vidimbwi vya mimea vinavyosafisha maji yaliyotumika. Hoteli ya ufukwe wa ziwa inaweza kufanya hivyo kwa eneo dogo tu la ardhi. Hatua ya kwanza haina gharama yoyote: kuacha mafunjo yasimame mbele ya hoteli, hata kama yanaziba sehemu ya mandhari.

Takataka

Kisiwani hakuna mahali pa kutupa. Mabaki ya jikoni huozeshwa, na taka zisizooza hurudishwa Unguja kwa mashua. Gharama ya kuzirudisha humfanya meneja afikiri mapema: bidhaa zinunuliwe kwa wingi, sabuni iwe kwenye chupa zinazojazwa upya, maji ya kunywa yasiwe ya chupa za plastiki. Taka rahisi kushughulikia ni ile ambayo haikufika kisiwani.

Sheria nazo zimesaidia. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na kuanzia tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumika mara moja, pamoja na chupa za maji, vikombe na mirija, zimekatazwa katika hifadhi za taifa, fukwe na misitu iliyolindwa. Tanzania Bara ilizuia mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019. Kwa hiyo huko Kenya mgeni anayepanda Longonot au kuendesha baiskeli katika hifadhi ya Hell's Gate anatakiwa kubeba chupa inayojazwa tena. Hata hivyo sheria haifiki kila mahali. Nje ya lango la hifadhi, kwenye barabara kuu ya Mai Mahiu yenye malori na matatu usiku na mchana, plastiki huingia katika makorongo, na mvua ya kwanza huisomba hadi bondeni. Kambi inayojali haiwezi kusafisha ua wake tu na kulisahau korongo lililo nje ya lango.

Nishati na ujenzi

Mabanda ya Chumbe hupata umeme wa taa kutoka kwenye paneli za sola. Hakuna viyoyozi. Badala yake, kila banda limeelekezwa baharini na kuachwa wazi ili upepo upite. Kuta ni chache, paa ni la makuti juu ya boriti, na joto hupanda na kutoka. Nyumba ya mtunza taa ya zamani, iliyokuwa gofu, ilitengenezwa upya ikawa kituo cha elimu na mahali pa kupokelea wageni. Kutumia jengo lililopo huokoa mawe, saruji na miti ambayo ingekatwa.

Kwa upande wa Bonde la Ufa, Kaunti ya Nakuru ina bahati ya jotoardhi. Kituo cha Olkaria, karibu na Naivasha, kilianza kuzalisha umeme mwaka 1981, kikiwa cha kwanza cha aina yake kwa ukubwa huo barani Afrika. Lakini kambi ya mlimani haifikiwi na gridi, na shida yake kubwa si taa bali moto wa kupikia. Makaa na kuni kutoka kwa miti ya leleshwa na migunga ndiyo nishati iliyo karibu na iliyo rahisi. Miti hiyo ndiyo inayoshika udongo wa majivu ya volkano. Kambi inayoleta gesi ya kupikia na kutumia jua kupasha maji huipunguzia miti hiyo mzigo; kambi inayowasha moto mkubwa kila usiku kwa ajili ya mandhari huuongeza.

Udongo wenyewe unadai ujenzi mwepesi. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ufa mrefu ulifunguka karibu na Suswa na kuikata barabara ya Mai Mahiu–Narok. Wataalamu walijadili kiasi cha mchango wa miendo ya ardhi, lakini mvua kusomba majivu laini ya volkano kulionekana dhahiri. Tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyojikusanya nyuma ya tuta la reli ya zamani baada ya njia yake ya chini kuziba yalivunja kizuizi na kushuka usiku hadi Kamuchiri na vijiji jirani vya Mai Mahiu. Zaidi ya watu 40 walikufa. Yeyote anayejenga katika bonde hili, awe mwenye hoteli au mwenye kibanda, anapaswa kujua njia ya maji kabla ya kuweka jiwe la kwanza. Mahema juu ya majukwaa ya mbao, njia nyembamba zinazofuata kontua, na miti iliyoachwa kwenye miteremko ni kinga ya uhai.

Viumbe na mipaka ya wageni

Idadi ya wageni Chumbe imewekewa kikomo, nacho ndicho msingi wa mengine yote. Mabanda 7 hayawezi kunywa zaidi ya mvua yanayoikusanya. Wageni huogelea juu ya mwamba wakiwa na mwongozaji, hawakanyagi matumbawe, hawaokoti makombe, na mashua hufungwa kwenye maboya badala ya kutupa nanga. Usiku taa ni chache ili kaa wa minazi, ambaye ni mkubwa kuliko kaa wote wa nchi kavu duniani, aendelee kutoka na kutafuta chakula. Mwaka 1997 panya waliondolewa kisiwani, na kuanzia wakati huo paa nunga, mnyama aliye hatarini huko Unguja kwa sababu ya uwindaji na ukataji misitu, waliletwa ili wapate kimbilio.

Ulinzi wa mahali pamoja una mpaka wake. Mwaka 1998, na tena mwaka 2016, joto la bahari lilipanda na matumbawe ya Bahari ya Hindi magharibi yakapauka. Chumbe haikusalimika. Mwamba usiovuliwa wala kuchafuliwa huwa na nafasi nzuri zaidi ya kupona, lakini hakuna mlinzi wa hifadhi anayeweza kuzuia bahari isipate joto.

Katika Bonde la Ufa mipaka hiyo ina sura nyingine. Ndege aina ya mwari huko Elementaita huzaliana kwenye visiwa vya mawe na hutaabishwa na kelele za boti na ndege zisizo na rubani. Popo wa mapango ya Suswa hutoroka wakimulikwa au wakipigiwa kelele. Pango linalojulikana kama Bunge la Nyani, ambako nyani hulala, si uwanja wa kupiga picha kwa fleshi. Mwongozaji mzuri huingia na kundi dogo, hunong'ona, na hutoka mapema.

Wenyeji

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wazee walivyosema. Utalii usiomponya mwenyeji haudumu, kwa sababu mwenyeji ndiye mwenye uwezo wa kulinda au kuharibu kila siku ya mwaka. Walinzi wa kwanza wa Chumbe walikuwa wavuvi kutoka vijiji vya jirani. Walifundishwa kutambua samaki na matumbawe, kuandika taarifa na kuongoza wageni. Hawabebi silaha, kazi yao ni kuzungumza na wavuvi wenzao, kuwaeleza kwamba samaki wakubwa huzaliana ndani ya eneo lililofungwa kisha huvuka kwenda nje, na kuwasaidia wenye vyombo vilivyopata shida baharini. Mapato ya wageni hulipia ulinzi huo, na pia ziara za maelfu ya wanafunzi wa Zanzibar, ambao wengi wao huona mwamba hai kwa mara ya kwanza.

Kwa Kenya, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 ilizitambua hifadhi za jamii na kuzipa nafasi kisheria. Suswa ni mfano wa nafasi hiyo. Vijana wa huko huongoza wageni, akina mama huuza shanga, na ada ya kuingia hubaki kwenye jamii. Kinachotakiwa ni hesabu iliyo wazi: nani amepokea, kiasi gani, na kimefanyia nini shule, zahanati au malisho. Mahali ambapo hesabu imefichwa, hifadhi hugeuka mali ya wachache, na mti hukatwa na mtu yuleyule aliyeapa kuulinda.

Namna ya kupima

Jina la kijani limekuwa mtaji, na si kila anayelitumia amelistahili. Kenya ina chombo cha kusaidia kutofautisha. Shirika la Ecotourism Kenya, lililoanzishwa mwaka 1996, limekuwa likikagua hoteli na kambi tangu mwaka 2002 na kuzipa daraja la shaba, fedha au dhahabu kwa kuangalia maji, nishati, taka na uhusiano na jamii. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 nayo inadai tathmini ya athari kabla ya miradi mikubwa kujengwa, chini ya mamlaka ya taifa ya mazingira, NEMA, na mwananchi ana haki ya kutoa maoni juu ya tathmini hiyo.

Lakini mkaguzi huja mara chache, na mgeni huja kila siku. Kabla ya kulipia chumba kando ya Ziwa Naivasha, hema la Suswa au banda la pwani, uliza: Maji ya kuoga yanatoka wapi, na nani mwingine anayategemea? Choo kinamwaga wapi? Taka za plastiki zinapelekwa na nani? Chakula kinapikwa kwa moto gani? Wafanyakazi wangapi wametoka kijijini, na wangapi wamepanda hadi uongozi? Mwenye nyumba anayefanya kazi njema hujibu kwa furaha na hukuonyesha matangi yake. Anayebabaika, peleka fedha zako kwingine.